Saba Nyuma Yangu

Kazi ya kuongoza wageni korongoni ina mambo mengi, na wenye kampuni wameyaandika kwenye kijitabu cha kurasa arobaini ambacho hakuna anayekisoma. Ukitaka kuifupisha, ni kuhesabu tu. Kila kona unayofika unageuka nyuma, unahesabu vichwa, ukipata saba unaendelea. Gari la kampuni lina viti sita vya wageni, kwa hiyo wageni ni sita, na wa saba ni mwenzako anayefunga msafara. Dira aliihesabu saba hiyo kwa miaka kumi na moja, mpaka ikahama kichwani ikaingia shingoni. Akigeuka tu, shingo yenyewe inamwambia.

Dira ni jina la kazini, kwa kuwa alikuwa hapotei. Mdogo wake, aliyefanya naye kazi miaka yote hiyo, aliitwa Mkia, kwa kuwa alitembea wa mwisho. Jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. "Mimi ndiye ninayejua nani ana soksi iliyotoboka," alikuwa akiwatania wageni, na wageni wakawa wanaficha visigino.

Mwaka uliopita, msimu ukiwa ukingoni, maji yalishuka korongoni kwa ghafla Mkia akiwa bado yumo ndani. Watu walimtafuta siku tisa wasipate hata kamba ya kiatu. Korongo likafungwa kwa amri. Sasa lilikuwa limefunguliwa tena, na meneja akamwita Dira ofisini.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kilichoshikana na stoo. Kamba zilining'inia kwenye misumari, madumu ya maji yamepangwa kwa ukubwa, na kwenye ubao wa ukutani bado yalikuwepo majina ya safari ile ya mwisho, chaki imefifia. Hakuna aliyethubutu kuyafuta.

"Sikulazimishi," alisema meneja, akiwa anachezea kofia ya kalamu. "Lakini kuna watu sita wameshajiandikisha, na njia anayeijua ni wewe. Kazungumze na mama kwanza."

"Mama ndiye anayetaka niende," alijibu Dira.

Na hilo lilikuwa kweli. Mama yao alikuwa fundi cherehani, na mashati yote ya machungwa ya kampuni yalitoka mikononi mwake. Kila shati alilishona mfuko mdogo kifuani wa kuwekea filimbi, na ndani ya mfuko alipiga mishono midogo ya uzi mweupe: mmoja kwa Dira, miwili kwa Mkia, ili wasigombane siku ya kufua. Tangu mafuriko alikuwa amekataa katakata watu wakae msiba. Majirani walikuja na mikeka yao, akawarudisha nayo.

"Siwezi kulilia hewa," aliwaambia. "Mwanangu ana miguu. Akipotea anarudi."

Lakini mwaka ni mwaka. Jioni ile Dira alimkuta amekaa mbele ya cherehani, mguu uko kwenye pedali haukanyagi, na mapajani ana shati jipya la machungwa limeshonwa mpaka nusu. Hakuuliza ni la nani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaingia lini?"

"Kesho kutwa."

Alikata uzi kwa meno. Hakumtazama. "Sikuombi uniletee mtu. Najua. Niletee chochote, hata kifungo. Nikishike mkononi ili nijue, nilie, nimalize. Hivi nilivyo siko kwa wafiwa wala siko kwa wenye raha."

"Nitatafuta, Mama."

"Wewe ndiye uliyekuwa naye. Wewe utaona."

Dira alitoka nje akashika ukuta. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo mama hakulijua, wala meneja, wala wale waliotafuta kwa siku tisa.

Safari ile ya mwisho wageni walikuwa saba. Mwanamume mmoja alifika asubuhi langoni na kibali chake mkononi, akabembeleza mpaka wakamkubalia, akaketi kati ya dereva na mlango ameukumbatia mzigo wake. Sahani zilikuwa nane tu, za wageni sita na viongozi wawili. Mkia alicheka: "Msihangaike, mimi nitakula kwenye mfuniko wa sufuria. Una nafasi zaidi."

Siku ya pili walipumzika mchana mahali wanapopaita Tumbo, ambapo korongo linapanuka. Kama kawaida, msafara ulipoondoka Mkia alibaki kidogo kuokota takataka na kufukia majivu, kisha awafuate. Mbele, mwendo wa saa mbili, kuna Mlango, ambapo kuta zinakaribiana mpaka mtu mnene anapita ubavu. Sheria ya Mlango ni moja: huingii mpaka mkia wako umefika. Dira alifika, akageuka, akahesabu. Saba. Shingo ikasema sawa. Akaingia.

Walipofika kambini, juu kwenye mwamba ulio salama, akatoa taarifa kwa redio kuwa Mlangoni walikuwa kamili. Hakushtuka kutomwona mdogo wake, kwani Mkia huchelewa. Alikuwa bado ameshika redio aliposikia ngurumo, na mbingu juu yao nyeupe, haina hata wingu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani. Kufumba na kufumbua chini yao palikuwa mto wa matope unaobeba miti mizima. Akapiga kelele kwenye redio: ndugu yangu yuko nyuma yetu, Mlangoni alikuwepo, tafuteni kuanzia Mlangoni kushuka!

Na aliamini. Hapo haikuwa uongo.

Kisha, jua likiwa halijazama, mmoja wa wageni aliona heri awape watu chakula kuliko kukaa wanalia, akagawa. Kila mtu akapata sahani. Dira akapewa ya nane. Aliitazama mikononi mwake, kisha akautazama mfuniko, uko palepale juu ya sufuria. Wageni saba. Wale saba aliowahesabu Mlangoni walikuwa wageni wote, na Mkia hakuwamo.

Redio ilikuwa karibu na goti lake. Angeweza kuinyanyua. Alijiambia haina tofauti, maji yametoka juu yakashuka chini, popote yalipomkuta yatakuwa yamempitisha Mlangoni, na watu watamkuta hukohuko. Alijiambia kesho atasema. Kesho yake helikopta ilikuja, wakamuuliza, "Una hakika alikuwa Mlangoni?" mbele ya meneja, mbele ya wageni waliokuwa wanamtegemea, na kiongozi aliyeingia Mlango bila mtu wake si kiongozi tena. Akasema ana hakika. Basi ikawa hivyo, na siku tisa zikaisha.

Hayo ndiyo aliyoingia nayo korongoni mara hii, pamoja na maji, kamba na watu sita.

Mkiani safari hii alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kulinda lango la korongo, na wote walimwita Askari. Hakuwa msemaji. Wageni walikuwa watu wazuri tu, wenye viatu vipya vya kuwaua vidole. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mwembamba aliyebeba darubini shingoni na daftari la kuandikia ndege. Ndege hawakuwa wengi. Aliandika hata kunguru.

Siku ya kwanza waliteremka tangu asubuhi. Wale wanaosema jangwa halina kitu hawajawahi kulishuka korongo hili: kuta zilikuwa nyekundu, kisha rangi ya ngozi, kisha nyeusi, na kila walivyoshuka anga ilizidi kuwa utepe. Joto lilitoka kwenye mawe kama unapofungua mlango wa tanuri. Dira alionyesha alichopaswa kuonyesha, akasema maneno ya kila safari, mpaka ule mzaha kuhusu nge na buti, na wageni wakacheka. Alishangaa kwamba mdomo unaweza kufanya kazi peke yake.

Macho yake hayakuwepo. Yalikuwa chini, kwenye mchanga, kwenye vichaka vilivyolala upande mmoja tangu siku ile. Mafuriko yalikuwa yameacha mstari wa matope makavu ukutani, juu kabisa ya vichwa vyao, na vijiti vimenasa humo. Kila penye kitambaa au plastiki aliinama. Kifuniko cha chupa. Kipande cha hema la watu wengine wa mwaka mwingine. Alikuwa akiomba kitu kimoja tu, kifungo, na akiomba kipatikane chini ya Mlango, mahali alipokwisha kuwaambia watu.

Siku ya pili mchana walifika Tumbo. Walikaa kivulini, wakavua viatu. Dira alikaa amelipa kisogo lile duara la mawe yaliyoungua, ambapo mdogo wake alifukia majivu mara ya mwisho.

Mwalimu alikuwa amelala chali na darubini yake, anapekua ukuta wa pili.

"Bwana kiongozi," aliita, "huku kwenu kuna ndege gani wa rangi ya machungwa?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi mimi nimemgundua. Yuko pale juu, ametulia kweli. Njoo umwone."

Dira alichukua darubini. Alitafuta, akaona mwamba, akaona mwamba, akaona kibaraza chembamba cha jiwe. Penyewe palikuwa mita kumi hivi juu ya ule mstari wa matope. Pale palikuwa na kijiti kilichosimamishwa, na kwenye kijiti kimefungwa kitambaa cha machungwa.

Alimrudishia mwalimu darubini taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha bilauri iliyojaa.

"Ni kitambaa tu," alisema. "Upepo umekileta. Nitakwenda kukitoa."

Askari alisimama. "Nije nikushikie kamba?"

"Kaa na wageni."

Alipanda akilijaribu kila jiwe mara mbili, mahali ambapo siku nyingine angepanda anapiga mluzi. Aliona wazi jinsi mdogo wake alivyofanya. Aliposikia ngurumo hakukimbilia Mlangoni, kwa kuwa alilijua korongo. Alikimbilia ukutani akapanda. Alifanya yote yaliyo sawa. Hapa jiwe lilimeguka, na mahali palipomeguka palikuwa bado peupe. Hapa alianguka kidogo, au aliteleza. Kisha akajivuta mpaka juu.

Kibarazani palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kulala. Kiatu kimoja kilikuwepo, kimepasuliwa ubavuni kwa kisu, hivi anavyopasua mtu ambaye mguu wake umevimba. Vilikuwepo vijiti viwili vilivyonyooka na vitambaa vya kufungia mfupa. Chupa ya maji, mfuniko umefungwa vizuri, haina kitu. Shati, mikono yake yote imechanwa, lililobaki limefungwa kwenye kijiti ili lionekane na anayepita. Filimbi ilining'inia hapohapo kwa kamba yake.

Mtu hakuwepo. Ukingoni mawe yalikuwa yamekwanguliwa kuelekea chini. Alichoka kungoja, akajaribu kushuka kwa mguu mmoja, na chini siku zile kulikuwa bado maji.

Dira aligeuza mfuko wa shati. Mishono miwili ya uzi mweupe.

Ndipo alipoviona vijiwe. Vilipangwa mstari ukutani, mahali pasipofikiwa na upepo, vyote ukubwa mmoja, kwa sababu Mkia alikuwa mtu wa kupanga vitu. Dira alivihesabu. Sita. Shingo yake ikatafuta cha saba, hakikuwepo. Alihesabu tena kwa kidole. Siku sita. Siku sita mdogo wake alikaa hapa, mwendo wa saa mbili kutoka kwa watu ishirini wenye machela na mbwa na helikopta, wote wamegeukia upande mwingine kwa sababu kaka mtu aliwaambia ana hakika.

Hakulia. Alitamani kulia, hakuna kilichotoka. Alikaa pale ameshika kiatu, akawa anafikiria jambo moja la kipumbavu, kwamba mfuniko ule wa sufuria aliuosha mwenyewe, akaufuta, akaurudisha stoo. Akatamani jiwe alilokalia lidondoke naye. Jiwe halikudondoka. Chini watu sita walimtazama wamekinga macho kwa viganja, na ilibidi washushwe, wapelekwe kambini, wapewe maji.

Akaviacha vijiwe. Kiatu, shati na filimbi akavitia begini, akashuka.

"Ilikuwa nini?" aliuliza mgeni mmoja.

"Kitambaa," alisema.

Mwalimu alimtazama usoni muda mrefu. Kisha akafungua daftari lake, akakata mstari mmoja, akalifunga. Hakutoa tena darubini safari nzima.

Mlangoni Dira aligeuka, akahesabu. Sita, na Askari. Saba kamili. Alihesabu upya. Akawaomba wasogee, akawagusa bega mmoja mmoja, akahesabu mara ya tatu, mpaka wageni wakaanza kuangaliana. Askari akasema kwa upole, "Tumetimia, kaka. Twende." Ni mdogo wake tu aliyekuwa akimwita kaka humu ndani. Aliingia Mlangoni ubavu, na kwa siku mbili zilizobaki hakufanya mzaha hata mmoja.

Njiani alitunga sentensi. Aliirudia kila hatua, ikalainika kama kokoto la mtoni: nilivikuta mchangani, chini ya Mlango, maji yalimchukua mara moja, hakuteseka. Ilikuwa sentensi nzuri. Ingempa mama msiba wake, na ingemwacha yeye akae na yake peke yake, kama anavyostahili.

Alifika nyumbani mchana. Mlango ulikuwa wazi, cherehani linanguruma. Mama aliuona uso wake, mguu ukasimama kwenye pedali.

Dira aliweka vitu mezani, juu ya vipande vya kitambaa. Kiatu alikiacha begini, kile hakuweza. Mama alilichukua shati, akaingiza kidole mfukoni, akapapasa. Alipapasa kwa muda, kana kwamba mishono ingeweza kuwa mmoja.

"Ni yeye," alisema. "Ulivikuta wapi?"

"Mchangani, Mama. Chini ya Mlango." Sentensi ilitoka yote, haikukwama popote. "Maji yalimchukua mara moja. Hakuteseka."

Mama alitikisa kichwa polepole. Machozi yalianza kumtoka, ya mwaka mzima, bila sauti, na akamshika Dira kichwa akakiegemeza tumboni kwake kama alivyofanya zamani. "Ahsante, mwanangu. Umemrudisha mdogo wako. Mungu akulipe." Dira alifumba macho. Hajawahi kuumizwa na kitu kama shukrani ile.

Kisha mama akajifuta kwa upindo wa kanga, akaichukua filimbi. Ilikuwa imejaa vumbi. Mikono ya fundi haikai bure. Alichomoa sindano kwenye kifundo cha nyuzi, akakaa karibu na mwanga wa mlangoni, akaanza kuichokonoa. Vumbi jekundu lilimdondokea mapajani. Alipuliza mara moja ndani kulitoa lililobaki, na filimbi ikalia.

Ililia kwa nguvu mpaka cherehani likaitikia. Nje, watoto waliokuwa wakicheza mpira walisimama. Jirani wa nyumba ya tatu alichungulia dirishani akauliza kuna nini. Mama mwenyewe alishtuka, akaitoa mdomoni akaitazama.

"Nzima kabisa," alisema. Akaigeuza, akaitazama upande wa pili. "Ina sauti yote hii. Mpaka kule mwisho wa njia wamesikia." Uso wake ulianza kubadilika, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa akaona vipimo havikutani. "Sasa mbona hakuipuliza?"

Jibu lilikuwepo. Maji ni mara moja, Mama, mtu hapati nafasi. Maneno saba au manane, hayazidi hapo. Dira alifungua mdomo ule uliojua kufanya kazi peke yake, na mara hii ukamkatalia.

"Aliipuliza, Mama," alisema. "Siku sita."

Mama hakupiga kelele. Aliiweka sindano mezani, akaiweka filimbi kando yake, akaziweka sawa.

"Na wewe," aliuliza, "siku hizo sita ulikuwa wapi?"

"Chini ya Mlango. Nilikuwa namwita."